Programu bila msimbo: Maana, chimbuko na matumizi yake katika biashara za Lodwar na Kakuma

KATIKA maduka ya Kakuma, sawa na katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, chombo kinachoshindana na mizani kwa umuhimu ni daftari la madeni. Humo huandikwa jina la mteja, kilo za unga alizochukua, mafuta ya kupikia, tarehe na ahadi ya kulipa. Daftari hilo likinyeshewa, likiliwa na mchwa au likipotea, sehemu ya mtaji wa mwenye duka huwa imepotea pamoja nalo, kwani deni lisilo na maandishi ni gumu kulidai, iwe mbele ya chifu au mbele ya wazee.

Kwa miaka mingi dawa iliyotajwa ilikuwa kununua programu ya tarakilishi. Dawa hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Programu zilizouzwa zikiwa tayari zilitungwa kwa ajili ya maduka makubwa ya mijini, yasiyojua kukopesha kibaba cha sukari. Zile za kuagiza nazo zilimhitaji mtaalamu aliye Nairobi, umbali wa kilomita 700 hivi kutoka Lodwar, mwenye kudai nauli, malazi na malipo ya kila siku. Kati ya njia hizo mbili pamezuka ya tatu, ambayo ni mfanyabiashara kujiundia programu mwenyewe pasipo kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Msimbo ni maagizo yanayoandikwa kwa lugha maalumu ili tarakilishi itende kazi fulani. Katika uundaji wa kawaida, mtaalamu huyaandika maagizo hayo moja baada ya jingine, na kosa la alama ndogo tu laweza kuiangusha programu nzima. Katika uundaji bila msimbo, mtu hufungua tovuti, hutengeneza majedwali ya taarifa zake, huburuta visanduku na vitufe hadi mahali anapovitaka, kisha huchagua kanuni kutoka kwenye orodha. Mtambo wenyewe ndio unaoandika msimbo, mbali na macho yake. Uundaji kwa msimbo kidogo ni ndugu wa huo. Sehemu kubwa hutengenezwa kwa kuburuta na kuchagua, lakini mlango huachwa wazi ili mjuzi aingize vijisehemu vya msimbo pale ambapo orodha za kuchagua zimefika mwisho. Tofauti hii yaonekana ndogo katika maelezo, ila mfanyabiashara huikuta siku ya kwanza anapotaka kuunganisha programu yake na M-Pesa.

Wazo lenyewe si geni. VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kuenea katika tarakilishi ndogo, ilitoka mwaka 1979 na kumwezesha mhasibu kufanya hesabu zilizohitaji mwandishi wa programu hapo awali. Miaka michache baadaye mtaalamu Mwingereza James Martin alichapisha kitabu kilichotabiri uundaji wa programu bila waandishi wa programu. Kampuni ya Apple ilitoa HyperCard mwaka 1987 na Microsoft ikatoa Access mwaka 1992. Neno la Kiingereza linalotaja msimbo kidogo lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Forrester mwaka 2014, mwaka ambao pia ilianzishwa AppSheet, mtambo unaogeuza lahajedwali kuwa programu ya simu. Google iliinunua AppSheet Januari 2020. Kilichobadilika tangu enzi za VisiCalc ni kwamba mtambo haukai tena ndani ya tarakilishi ya mezani, bali katika seva za mbali, na anayeutumia anahitaji tu simu na intaneti.

Afrika Mashariki ilitangulia

Wengi hudhani kwamba teknolojia hii ilianzia katika ofisi za Marekani na Ulaya na kwamba eneo hili linaifuata kwa nyuma. Dhana hiyo ina kasoro. Mitambo ambayo leo inatumika sana katika kambi za wakimbizi na kaunti kame ilijaribiwa na kukomazwa hapa hapa, tena na watu ambao hawakuwa wataalamu wa tarakilishi.

Mfano wa kwanza ni Open Data Kit, iliyoanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa Profesa Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington. Miongoni mwa watumiaji wake wa awali walikuwa washauri wa mpango wa AMPATH ulio na makao yake Eldoret, waliopita nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakiwa na simu za Android kwa ajili ya upimaji wa virusi vya ukimwi. Fomu zilizokuwa za karatasi ziligeuzwa kuwa maswali kwenye skrini, na majibu yakafika katika hifadhidata bila mtu wa kuyanakili upya.

Kutokana na msingi huo ilijengwa KoboToolbox, kazi ya watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck waliokuwa wakikusanya maoni ya waathiriwa wa vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Jina lenyewe wamelitoa katika Kiacholi, ambamo kobo ni kuhamisha. Leo mtambo huo hutumiwa na mashirika ya misaada kote duniani, na huenda wengi wanaoutumia hawajui kwamba wanatamka neno la Gulu na Kitgum.

Ushahidi nayo ilianzishwa nchini Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, ili wananchi watume taarifa za matukio na zionyeshwe kwenye ramani. Ilipobainika kwamba kuisimika programu hiyo kulihitaji fundi, waanzilishi walitoa Crowdmap mwaka 2010, ambayo ilimwezesha mtu yeyote kufungua ramani yake kwa kujaza fomu tu. Hiyo ilikuwa programu bila msimbo kabla neno hilo halijaenea.

Kwa upande wa serikali, Kenya ilianza kutumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nchini kote mwaka 2011. Afisa wa kumbukumbu za afya katika hospitali ya kaunti anaweza kuunda ripoti mpya au kuongeza kiashirio bila kumwita mwandishi wa programu. Aidha, tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini wamekuwa wakikabidhiwa simu zenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Kwa hivyo mhudumu wa kijijini Turkana anayejibu maswali ya simu mbele ya mama mjamzito tayari anaishi ndani ya teknolojia hii, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Soko lenyewe

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kaunti ya Turkana watu 926,976. Lodwar ni makao makuu yake, yenye ofisi za kaunti, benki, Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana na wauzaji wa jumla ambao malori yao huendelea hadi Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi waliotoka Sudan, wakiwemo maelfu ya vijana waliotembea bila wazazi. Makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi na kufanya biashara pamoja, yaliongezwa katikati ya muongo uliopita. Kufikia mwaka 2025 kambi na makazi hayo yalikuwa na watu takriban 300,000. (Waandishi wa kigeni wana mazoea ya kudai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali. Hakuna neno kama hilo katika kamusi yoyote ya Kiswahili.)

Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti uliokadiria uchumi wa eneo la Kakuma kuwa wa Sh5.8 bilioni kwa mwaka, ukiwa na biashara zaidi ya 2,000. Takwimu hizo ziliwashangaza walioizoea Kakuma kama mahali pa kugawiwa chakula tu. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2015, Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulikuwa umeanzisha Bamba Chakula, utaratibu wa kutuma sehemu ya msaada kupitia kadi za simu za Safaricom ili mkimbizi akanunue chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Duka lililokuwa likipokea noti chache likawa linapokea malipo ya simu kutoka kwa mamia ya kaya.

Hapo ndipo daftari la madeni lilipopata uzito mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliouchunguza uchumi wa Kalobeyei wameeleza jinsi kaya nyingi zinavyokula kwa mkopo wa dukani zikisubiri fedha za mwezi. Mwenye duka hukopesha kwa kuutegemea mgao utakaokuja. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, WFP na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walianza kuzipanga kaya katika makundi kulingana na kiwango cha uhitaji badala ya kila kaya kupata mgao ule ule. Mfanyabiashara asiyeweza kueleza kwa haraka ni nani anadaiwa nini, na tangu lini, alijikuta akikopesha gizani.

Duka ndani ya majedwali

Chukulia duka la jumla lenye wafanyakazi sita, tawi moja mjini Kakuma na jingine Kalobeyei. Kazi ya kwanza ya kulitengenezea programu haifanyiki kwenye skrini bali kwenye karatasi, nayo ni kuamua majedwali. La kwanza ni la wateja, lenye namba, jina, simu na mtaa. La pili ni la bidhaa na bei zake. La tatu ni la mikopo, na la nne ni la malipo.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuweka deni kama safu moja ndani ya jedwali la wateja na kulibadilisha kila mara mteja anapochukua au anapolipa. Programu itafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha mteja atasema alilipa Sh800 mwezi uliopita, na hapatakuwa na kumbukumbu ya kumjibu, kwa sababu namba ya zamani ilifutwa na mpya ikaandikwa juu yake. Njia sahihi ndiyo ile ile ya daftari: kila mkopo na kila malipo huandikwa katika mstari wake, haufutwi, na baki la deni hukokotolewa na programu kwa kujumlisha na kutoa. Mhasibu wa kale angelitambua jambo hili mara moja, na kwa kweli mwenye uzoefu wa vitabu vya hesabu huunda programu bora kuliko kijana anayejua kupamba skrini.

Swali la pili ni la utambulisho. Mtu hawezi kutambuliwa kwa jina pekee mahali ambapo Waturkana, yaani wenyeji, Wasomali, Wasudan Kusini, Wakongomani, Warundi na Waethiopia wananunua kwenye kaunta moja. Akiru na Nakiru ni majina mawili, ilhali Mohamed, Mohammed na Muhumed huenda wakawa mtu mmoja aliyeandikwa na wahudumu watatu. Namba ya simu nayo haitoshi, kwani laini moja aghalabu hutumiwa na nyumba nzima, na mtu hubadilisha laini. Kwa hiyo kila mteja hupewa namba ambayo programu huitunga yenyewe na ambayo haibadiliki, na jina na simu hubaki kuwa maelezo tu.

Mtandao ndio mtihani wa tatu. Programu nyingi za aina hii huonyeshwa katika vyumba vyenye intaneti isiyokatika. Kakuma haiko hivyo. Sehemu kubwa ya kambi hutegemea sola na jenereta, na minara ya simu hulemewa. Chombo kinachofaa ni kile kinachohifadhi kazi ndani ya simu na kuituma mtandao unaporejea, kama zifanyavyo AppSheet na programu ya simu ya Kobo. Hata hivyo uwezo huo huja na hatari yake. Wafanyakazi wawili wakiuhariri mstari mmoja wakiwa nje ya mtandao, atakayetuma mwisho anaweza kuifuta kazi ya mwenzake bila yeyote kuonywa. Hii ni sababu ya pili ya kuandika mstari mpya kwa kila tendo, kwani mistari miwili mipya haigombani.

Baada ya majedwali ndipo zinapokuja kanuni. Kanuni huwa na umbo la ikiwa na basi. Ikiwa deni limepita siku 30, basi arafa itumwe. Ikiwa baki la mteja limefika kiwango alichowekewa, basi kitufe cha kukopesha kifichwe mpaka mwenye duka aidhinishe. Mkazi wa Turkana hahitaji mfano wa mbali kuielewa nguvu ya sentensi kama hizo. Mpango wa Kukabiliana na Njaa, HSNP, uliopeleka fedha kwa kaya takriban 100,000 katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera katika awamu yake ya pili iliyoanza mwaka 2013, ulikuwa na kanuni ya namna hii. Picha za setilaiti zikionyesha kuwa uoto umeshuka chini ya kiwango fulani, kaya nyingine zisizokuwa kwenye malipo ya kawaida hulipwa pia. Kiwango kikiwekwa juu au chini kidogo, kuna nyumba zitakazolipwa au kukosa.

Lugha haipaswi kusahaulika. Fomu za Open Data Kit na Kobo huweza kuandikwa ndani ya lahajedwali ya kawaida, ambapo kila swali huwa na mstari wake na kila lugha hupewa safu yake. Swali moja laweza kuwa na Kiswahili, Kiturkana, Kisomali na Kiarabu, na mhudumu akachagua lugha papo hapo. Katika lahajedwali hiyo hiyo kuna safu ya masharti. Swali la tarehe ya chanjo ya mbuzi halitokei ila muuzaji akiwa amejibu kwamba mbuzi amechanjwa, na umri wa mtu hauwezi kuandikwa 340. Mfanyabiashara wa mifugo wa Lodwar anayejua Excel anaweza kujifunza utaratibu huu kwa siku chache.

M-Pesa na ushuru

Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, programu yoyote ya biashara nchini Kenya isiyoifahamu ni nusu ya programu. Njia ya kwanza ya kuiunganisha ni mhudumu kuinakili namba ya muamala kwa mkono, na hiyo haihitaji ujuzi wowote. Ya pili ni kupakua taarifa ya akaunti ya till mwishoni mwa siku na kuipandisha katika programu. Ya tatu ni kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom ililifungua mwaka 2017 ili mifumo ya nje izungumze moja kwa moja na M-Pesa.

Njia ya tatu ndiyo inayotenganisha programu bila msimbo na programu za msimbo kidogo. Daraja hutuma taarifa ya kila malipo kwenye anwani ya intaneti ambayo sharti iwe macho saa zote. Simu ya dukani haiwezi kuwa anwani hiyo. Huhitajika huduma ya kati, na mara nyingi mistari michache ya msimbo ya kupokea taarifa, kuihakiki na kuiweka katika jedwali. Wasiojua hukosea hapa kwa namna moja inayojirudia. Taarifa ya malipo yaweza kufika mara mbili, na programu isiyo makini humwandikia mteja malipo mawili. Dawa ni kuifanya namba ya muamala ya M-Pesa, yenye herufi na tarakimu 10, kuwa ufunguo usioruhusiwa kujirudia.

Ushuru una mambo yake. Tangu Januari 1, 2024, Halmashauri ya Ukusanyaji Ushuru nchini, KRA, haikubali gharama za biashara zisizo na ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS, isipokuwa zile zilizoondolewa kisheria. Risiti nzuri iliyochapishwa na programu ya kujiundia si ankara ya eTIMS. Mwenye duka dogo anaweza kuitoa ankara hiyo kando, kwa kutumia huduma nyepesi ya KRA inayopatikana kwa simu au tovuti, na kuihifadhi namba yake katika programu yake. Kuunganisha mifumo hiyo miwili moja kwa moja ni kazi ya mtaalamu, wala hakuna aibu kumwita.

Bei kwa dola

Watangazaji wa mitambo hii husema kwamba ni nafuu. Ni nafuu kuianza. Wengi huruhusu majaribio ya bure, kisha hutoza kwa kila mtumiaji kila mwezi, tena kwa dola za Marekani. Mtambo unaotoza dola 10 kwa mtumiaji utalitoza duka la watu sita dola 60. Januari 2024, dola moja ilipokuwa ikiuzwa kwa Sh160, hiyo ilikuwa Sh9,600. Shilingi ilipoimarika hadi karibu Sh129 baadaye mwaka huo, ilikuwa Sh7,740. Hakuna kilichobadilika dukani, ila bei ilipanda na kushuka kwa sababu zisizomhusu muuza unga. Namna ya kulipa angalau imekuwa rahisi tangu Juni 2022, Safaricom na Visa zilipoleta kadi ya mtandaoni inayotegemea M-Pesa, hivyo asiye na kadi ya benki naye anaweza kulipia huduma za nje.

Turkana ina kumbukumbu yake ya vifaa vizuri vilivyowekwa bila kuuliza gharama ya kuviendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway iligharimia kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, kando ya ziwa. Kilifanya kazi kwa muda mfupi mno, kwani umeme na maji safi ya kukiendesha vilikuwa ghali kuliko samaki wenyewe. Jengo lilibaki. Wavuvi waliendelea kukausha samaki juani na kuwauza, na biashara hiyo ipo hadi leo.

Nani mwenye mtambo

Swali ambalo wafanyabiashara wachache huliuliza mapema ni hili: programu iliyotengenezwa bila msimbo iko mikononi mwa nani? Haiwezi kuchukuliwa na kuhamishwa kama gunia la mahindi. Google ilikuwa na mtambo wake wa msimbo kidogo ulioitwa App Maker. Uliposhindwa kuvutia watumiaji wa kutosha, kampuni ilitangaza Januari 2020 kwamba itaufunga, na mwaka mmoja baadaye programu zote zilizojengwa juu yake zilikoma. Waliokuwa wamenakili taarifa zao walibaki na majedwali, lakini skrini, kanuni na ripoti zilipotea. Eneo hili lilionjeshwa jambo la karibu na hilo mwishoni mwa Januari 2025, tovuti ya FEWS NET, iliyogharimiwa na Marekani na kutegemewa kwa tahadhari za njaa, ilipozimwa kwa miezi kadhaa baada ya misaada ya nje ya nchi hiyo kusimamishwa.

Huko Kakuma kuna sura nyingine ya tatizo hilo. Kijana stadi aliyejifunza katika mojawapo ya mafunzo ya kidijitali kambini huiunda programu ya duka kwa anwani yake binafsi ya barua pepe. Kisha jina lake linatoka katika orodha ya wanaopewa makazi Canada au Australia, na baada ya wiki chache amekwenda. Nywila zimekwenda naye. Marekani, iliyokuwa ikipokea wengi, ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, lakini safari za kwenda kwingine, kuhama kwenda Nairobi, na ajira ya mashirika huzidi kuwaondoa waundaji. Akaunti inapaswa kufunguliwa kwa anwani ya biashara, iwe na wasimamizi wawili, na maelezo ya kila kanuni yaandikwe kwa Kiswahili chepesi mahali ambapo mtu wa tatu atayapata.

Wa kuunda hawakosekani. Kando ya Ziwa Turkana, shirika la Learning Lions limekuwa likiwafunza vijana ujuzi wa kidijitali, na kampasi yake, iliyosanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka 2021, ina minara ya kupitisha hewa inayofanana na vichuguu vya mchwa. Kéré alitunukiwa tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka uliofuata. Katika Kakuma, Kituo cha Biashara cha Kimataifa na Baraza la Wakimbizi la Norway wameendesha mafunzo ya kazi za mtandaoni kwa wakimbizi na wenyeji. Vijana hawa hufundishwa zaidi kutafuta wateja wa ng'ambo, jambo jema, ila maduka yaliyo mita 500 kutoka darasani hayatafutwi kwa bidii hiyo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, mitambo ya akili bandia inayoandika msimbo kwa kuamrishwa kwa maneno ya kawaida imeanza kuufuta mpaka uliokuwapo. Mtu aeleza anachotaka, mtambo unaandika programu nzima. Kinachozalishwa ni msimbo kamili, na asiyeweza kuusoma hataweza kuona kosa lililomo. Katika majedwali na visanduku vya kuburuta, kosa la kanuni angalau liko mbele ya macho ya aliyeiweka.

Orodha ya watu

Jedwali la wateja wa duka la Kakuma ni orodha ya wakimbizi, simu zao, mitaa wanamoishi na umaskini wao. Orodha za namna hiyo zimewahi kuleta madhara nchini. Katika Kaunti ya Garissa, maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula wakati wa ukame walikuja kunyimwa vitambulisho miaka mingi baadaye, kwa kuwa alama zao za vidole zilikutwa katika hifadhidata ya wakimbizi. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti, kusajili laini ya simu wala kuajiriwa rasmi.

Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu aeleze sababu, akusanye zile tu anazohitaji na azilinde. Dini na kabila la mteja havina kazi katika kumbukumbu za unga na sukari, na safu zake zisitengenezwe. Taarifa zinazohifadhiwa katika seva za nje ya Kenya zina masharti ya ziada, na mitambo mingi ya aina hii huhifadhi huko. Chini ya kanuni zilizoanza kutekelezwa Julai 14, 2022, biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haifungwi na sharti la kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa ikiwa katika sekta zilizotajwa, zikiwemo afya, elimu na huduma za kifedha. Msamaha huo ni wa usajili peke yake. Wajibu wa kuzilinda taarifa unabaki, na anayelazimika kujisajili hulipa Sh4,000 ikiwa biashara yake ni ndogo, na Sh2,000 kila anapouhuisha usajili baada ya miaka miwili.